Maneno ya siri na kilo za mkulima wa majanichai

MKULIMA wa majanichai anapofika katika kituo cha kukusanyia majani huko Konoin au Bureti, jambo la kwanza analoulizwa si jina lake bali nambari yake. Karani huning'iniza mfuko, mizani ya elektroniki ikatoa uzani, naye mkulima akaondoka na karatasi ndogo inayoonyesha kilo zake. Kuanzia hapo kilo hizo huacha kuwa majani zikawa tarakimu. Hupitia kompyuta za kiwanda, hufika katika hesabu za malipo ya mwezi, hutumwa kwa benki au kwa chama cha akiba na mikopo, na mwisho wa mwaka wa chai hurejea zikiwa bonasi.

Katika kila hatua ya safari hiyo kuna mtu aliyeketi mbele ya kompyuta akiwa ameingia kwa jina na neno la siri. Mmoja ana uwezo wa kusahihisha kilo, mwingine wa kusajili mkulima mpya, mwingine wa kubadilisha akaunti ya benki ambayo malipo hupelekwa. Kilo zikipungua njiani, au malipo yakiingia katika akaunti ya mtu asiyejulikana, swali huwa moja tu: ni nani aliyezigusa?

Kompyuta inaweza kulijibu swali hilo kwa usahihi, hadi dakika. Lakini jibu lake huwa na maana iwapo tu kila jina lililo ndani yake ni la mtu mmoja, anayejulikana, aliyeajiriwa, na asiyemwazima mwenzake neno lake la siri. Ofisi nyingi hazijafika hapo, na si katika maeneo ya chai pekee.

Nambari si siri

Wataalamu wa usalama wa kompyuta hutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. La kwanza ni utambulisho, yaani mtu kutaja yeye ni nani. La pili ni uthibitisho, yaani kuonyesha kwamba alichokitaja ni kweli. La tatu ni idhini, yaani yale anayoruhusiwa kufanya baada ya kutambuliwa.

Wakazi wa Kericho na Bomet hawahitaji kwenda chuo kikuu ili kuyaelewa. Nambari ya mkulima hujulikana na mkewe, na mtoto anayetumwa kituoni, na kibarua anayechuma. Yeyote kati yao anaweza kupeleka majani kwa nambari hiyo bila ya kumdhuru mwenyewe, kwa kuwa anamwongezea kilo. Kutoa fedha ni jambo jingine. Hapo huhitajika kitambulisho cha kitaifa, au ile nambari ya siri ya M-PESA ambayo Wakenya wameizoea tangu huduma hiyo ilipozinduliwa Machi 2007. Basi nambari ya mkulima ndiyo utambulisho, nambari ya siri ndiyo uthibitisho, nayo ruhusa ya kupeleka majani bila ya kugusa fedha ndiyo idhini.

Ofisini mambo huharibika pale utambulisho unapofanywa kuwa siri. Kuna waajiri ambao humpa mfanyakazi mpya nambari ya kitambulisho chake cha kitaifa iwe neno la siri la kuanzia, na wengi hawalibadilishi kamwe. Nambari hiyo imeandikwa kwa kalamu katika daftari la kila bawabu wa kila jumba ambalo mtu huyo amewahi kuingia.

Kiwanda kimoja, milango mingi

Shirika la Ustawi wa Majanichai Nchini (KTDA), ambalo lilianza likiwa mamlaka ya serikali mwaka 1964 na kugeuzwa kuwa kampuni ya wakulima mwaka 2000, husimamia takriban viwanda 70 kwa niaba ya wakulima wadogo zaidi ya 600,000. Litein, Momul, Kapkatet, Mogogosiek, Kapset, Kapkoros na Tirgaga ni baadhi ya viwanda vilivyo katika kaunti hizi mbili. Kila kiwanda ni mali ya kampuni yenye wanahisa wake, ilhali huduma za usimamizi hutoka kwa shirika moja lenye makao Nairobi. Katika muundo kama huu, mtu anayehitaji kusoma hesabu za kiwanda fulani huenda hayuko katika kiwanda hicho, wala katika kaunti hiyo.

Isitoshe, shirika lolote la ukubwa huo halitumii programu moja. Kuna programu ya kupokea majani, ya mishahara, ya hesabu, ya ghala ambamo mbolea na kuni huhesabiwa, ya barua pepe na ya benki. Kwa kawaida programu hizi hununuliwa nyakati tofauti kutoka kwa watu tofauti, na kila moja huja na daftari lake la watumiaji. Mhasibu mmoja hujikuta na majina sita na maneno ya siri sita, kila moja likiwa na masharti yake: hili lazima liwe na herufi kubwa, lile lazima libadilishwe kila baada ya siku 30, jingine halikubali alama ya mshangao.

Binadamu aliyebebeshwa mzigo huo hutafuta njia ya mkato. Ama hutumia neno lilelile kila mahali, ama huliandika kwenye karatasi na kulibandika chini ya kibodi. Kumlaumu ni rahisi, lakini kosa kubwa ni la aliyeupanga utaratibu.

Masharti hayo yenyewe yana historia. Neno la siri liliingia katika kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambapo Fernando Corbató na wenzake walibuni mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa pamoja. Kila mtu alipewa neno lake ili faili zake zisichanganyike na za wengine. Haikuchukua muda kabla ya ulinzi huo kuvunjwa: mwaka 1962 mwanafunzi mmoja aliyetaka saa nyingi zaidi za kutumia mashine aliiagiza tu ichapishe orodha nzima ya maneno ya siri, nayo ikachapisha.

Baadaye, mwaka 2003, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo ulioandikwa na Bill Burr. Kutokana nao, ofisi kote duniani zilizoea kudai tarakimu, herufi kubwa, alama za ajabu na mabadiliko ya mara kwa mara. Mwaka 2017 Burr, akiwa amestaafu, alikiri hadharani kwamba alijutia sehemu kubwa ya ushauri huo, na mwaka huohuo NIST ikaubadilisha. Mtu anayelazimishwa kubadilisha neno kila mwezi huongeza tarakimu moja mwishoni, na mwizi anajua hivyo. Mwongozo mpya hupendelea neno refu linalokumbukika, kama vile maneno manne au matano yasiyohusiana, lisilobadilishwa hadi pawepo dalili kwamba limefichuka. Inasikitisha kwamba ofisi nyingi zingali zinafuata kanuni ambayo mwandishi wake mwenyewe aliikana.

Majani hayarudi kuwa mabichi

Wengi hudhani kwamba kompyuta huhifadhi maneno ya siri katika orodha na kuyalinganisha. Mfumo uliotengenezwa vyema haufanyi hivyo. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa maabara ya Bell walieleza njia ambayo msingi wake hutumika hadi leo. Neno la siri hupitishwa katika hesabu inayolivuruga kabisa, na kinachohifadhiwa ni mabaki ya hesabu hiyo. Mtumiaji akiliandika tena neno lake, hesabu hurudiwa na mabaki mawili kulinganishwa.

Mfano wake uko kiwandani. Majani mabichi yakishanyaushwa, yakapondwa, yakachanwa, yakaviringishwa na kukaushwa, hakuna mashine inayoweza kuirejesha chai hiyo kuwa majani mawili na chipukizi. Ndivyo lilivyo neno la siri lililovurugwa. Mwizi akiiba daftari zima hupata chai, hapati majani. Linalomsalia ni kubahatisha: achukue maneno ambayo watu hupenda, ayapitishe katika hesabu ileile na kutazama kama mabaki yatafanana. Kwa sababu hiyo jina la mtoto au la timu ya soka hugunduliwa kwa muda mfupi, ilhali sentensi ndefu huweza kumshinda.

Mfanyakazi anaweza kuupima mfumo wake kwa njia nyepesi. Akisahau neno lake la siri na idara ya kompyuta ikamtajia lile la zamani, basi limehifadhiwa wazi, na mfumo huo haufai kuaminiwa.

Cheti kimoja cha getini

Suluhisho la milango mingi ni kuwa na daftari kuu moja ambalo programu zote huliuliza. Wazo hili lilikomaa katika MIT katika miaka ya 1980, pale ulipobuniwa mfumo uitwao Kerberos. Mwaka 2000 kampuni ya Microsoft iliutumia ndani ya Active Directory, ambayo imeenea katika ofisi nyingi, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Utaratibu wake unafanana na wa lango la shamba kubwa la chai. Mgeni huthibitishwa mara moja na bawabu, akapewa cheti chenye jina lake, tarehe na saa ya kumalizika. Akifika ghalani au karakana, msimamizi hamuulizi upya alikotoka. Hutazama cheti, akahakikisha kimetolewa na bawabu anayemtambua na kwamba muda haujapita. Vivyo hivyo, mhasibu huandika neno lake asubuhi mara moja, na siku nzima programu za hesabu, mishahara na barua hupokea vyeti badala ya neno lenyewe. Programu ya ghala, hata ikidukuliwa, haina neno la siri la kuibwa.

Faida hiyo ina gharama. Ufunguo mmoja ukifungua milango yote, kuupoteza ni kuipoteza nyumba nzima. Kwa hiyo daftari kuu halipaswi kutegemea neno la siri pekee, bali huongezewa hatua ya pili: nambari inayobadilika katika programu ya simu, au kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Nambari inayotumwa kwa arafa ni bora kuliko kukosa chochote, ingawa Wakenya waliowahi kuibiwa laini zao za simu na matapeli wanajua udhaifu wake.

Aliyeondoka bado yumo

Hata hivyo, neno la siri ni sehemu ndogo ya kazi hii. Sehemu kubwa ni kufuatilia maisha ya kila jina: lilipozaliwa, lilipohama, lilipokufa.

Mfanyakazi akiajiriwa, kuna haraka ya kumpa jina, maana bila hilo hawezi kufanya kazi. Akihamishwa kutoka idara ya majani hadi ya mishahara, hupewa ruhusa mpya, lakini ni nadra mtu kukumbuka kumwondolea zile za zamani. Baada ya miaka kumi, karani mtiifu aliyepitia idara tano huwa na mamlaka makubwa kuliko meneja, bila ya yeyote kukusudia. Naye akistaafu, sherehe hufanywa, zawadi hutolewa, picha hupigwa, na jina lake hubaki ndani ya kompyuta likingoja.

Hatari ya jina kama hilo ilionekana Mei 2021, wakati bomba la mafuta la kampuni ya Colonial Pipeline nchini Marekani lilipofungwa kwa siku kadhaa na watu wakapanga foleni katika vituo vya petroli. Wadukuzi waliingia kwa kutumia akaunti ya zamani ambayo haikuwa ikitumiwa tena lakini haikuwa imefungwa, na ambayo haikuwa na hatua ya pili ya uthibitisho. Kampuni hiyo ililipa kikombozi cha takriban dola milioni 4.4.

Katika nchi ya chai, mambo haya hupimwa zaidi mashamba yanapobadilisha wenyewe. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, na kampuni ya Kericho ikaja kuitwa Unilever Tea Kenya. Baadaye Unilever ilitenga biashara yake ya chai kwa jina la ekaterra na kuiuza kwa CVC Capital Partners, mauzo yaliyokamilika Julai 2022, na jina likabadilika tena kuwa Lipton Teas and Infusions. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilitangaza kuyauza mashamba yake ya Kenya kwa Browns Investments ya Sri Lanka, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imenunua mashamba ya James Finlay Kenya.

Mchumaji hubaki katika mistari ileile ya michai huku majina yakibadilika juu ya lango. Kwa wasimamizi wa kompyuta, kila mauzo ya aina hiyo, popote duniani, ni kazi ya miezi. Anwani zote za barua pepe hubadilika. Daftari la muuzaji hutenganishwa na la mnunuzi, na kila mtu husajiliwa upya katika daftari jipya bila ya kupoteza faili zake, huku wale wa upande wa muuzaji wakifungiwa milango siku iliyokubaliwa. Shirika ambalo halikuwa na orodha sahihi ya watu wake kabla ya mauzo haliwezi kuipata katikati ya mauzo.

Neno la siri la kuazimana

Tabia iliyo ngumu zaidi kuivunja ni ya kuazimana. Chukulia kwamba karani wa kiwanda ameugua, na mwenzake anatumia jina lake ili kazi isisimame. Hakuna nia mbaya. Wiki tatu baadaye mkulima analalamika kwamba karatasi yake ya kituoni ilionyesha kilo 71 na taarifa ya mwezi inaonyesha 17. Kumbukumbu za kompyuta zinafunguliwa, nazo zinasema kwamba badiliko lilifanywa saa mbili kasorobo usiku na karani ambaye siku hiyo alikuwa amelazwa hospitalini.

Huenda lilikuwa kosa la vidole, huenda ni wizi. Hakuna atakayejua. Mkulima hatapata jibu, mwizi kama yupo atakuwa salama, na karani mgonjwa ndiye atakayeitwa kujieleza. Kwa mtazamo huo, neno la siri humkinga mfanyakazi kabla ya kumkinga mwajiri, na mafunzo yangefaulu zaidi kama yangeanza na hoja hiyo badala ya vitisho.

Wakenya waliuona uzito wa jambo hili mwaka 2015, wakati Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) ilipokumbwa na kashfa ya Sh791 milioni. Maneno ya siri ya IFMIS, mfumo wa serikali wa kusimamia fedha, yaligeuka kuwa kiini cha mjadala, huku afisa mmoja mwandamizi akisema kwamba lake lilitumiwa kuidhinisha malipo bila ya yeye kujua. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet, kama kaunti nyingine zote, hutumia mfumo huohuo.

Kinga dhidi ya balaa hilo ni ya kale kuliko kompyuta: anayeandika hundi asiwe ndiye anayeitia sahihi. Katika chai, anayesajili mkulima mpya hapaswi kuwa ndiye anayeidhinisha malipo, la sivyo anaweza kubuni mkulima hewa, kumpa kilo na kumlipa. Programu za kisasa zinaweza kuutekeleza mgawanyo huo, ila zinahesabu majina, si watu. Watu wawili wakijua maneno ya siri ya kila mmoja, mgawanyo umekufa ingawa kwenye karatasi unaonekana kamili.

Sheria nayo imekaza. Chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018, anayeingia katika mfumo bila ya idhini anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi habari za watu kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 baada ya kugundua kwamba habari hizo zimefikiwa na asiyeruhusiwa, endapo kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe. Daftari la wakulima, lenye nambari za vitambulisho, simu na akaunti za benki, ni habari za aina hiyo.

Pa kuanzia

Shirika linalotaka kujifunza kazi hii halihitaji kuanza kwa kununua programu ghali. Huanza na orodha mbili zilizopangwa bega kwa bega: orodha ya mishahara ya mwezi huu na orodha ya majina yote yaliyo hai ndani ya kila programu. Jina lililo katika orodha ya pili na halimo katika ya kwanza lina maelezo, au halina. Mara nyingi hupatikana wastaafu, wanafunzi wa mafunzo ya nyanjani waliokwishaondoka, mafundi wa kampuni zilizouza programu, na majina kama "ofisi" au "mgeni" ambayo hakuna anayekumbuka yalianzishwa na nani.

Baada ya usafi huo, idara ya wafanyakazi ndiyo hufanywa chanzo. Mtu akiajiriwa, akihamishwa au akiondoka, habari hutoka huko na kufika kwa wasimamizi wa kompyuta siku hiyohiyo, si pale wanapoiokota mkahawani. Kisha kila mkuu wa idara hupewa, mara mbili kwa mwaka, orodha ya watu wake na ruhusa zao, aitie sahihi au aikate.

Upande unaosahaulika ni simu ya msaada. Tapeli mwerevu hahangaiki kulivunja neno la siri. Hupiga simu akijifanya meneja aliye safarini, akiwa na haraka na hasira, na kuomba neno lake libadilishwe. Kijana wa zamu anayeogopa kumkasirisha mkubwa hulibadilisha. Dawa yake ni kanuni isiyobagua cheo: neno halibadilishwi hadi mwenye simu apigiwe kupitia nambari iliyo katika faili yake, na hakuna mkubwa anayeruhusiwa kumwadhibu kijana kwa kuifuata.

Kuna pia suala la siku mbaya. Mvua ya Kericho hukata umeme na mawasiliano, na daftari kuu lililo mbali likikosa kufikiwa, kiwanda hakiwezi kuyasubirisha majani ambayo tayari yanaanza kuharibika. Kwa ajili hiyo huwekwa akaunti moja ya dharura katika kompyuta za kiwanda chenyewe. Neno lake la siri huandikwa kwa mkono, likatiwa katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kuwekwa ndani ya sefu. Bahasha hufunguliwa mbele ya watu wawili, ambao huandika saa, sababu na majina yao. Mawasiliano yakirejea, neno hilo hubadilishwa kabla ya zamu kuisha, na bahasha mpya ikafungwa.